Mashine ya Kufulia na Nyaya Zake



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtaliona dogo, nalo ni nyaya za umeme za mashine ya kufulia nguo. Nitaeleza jinsi zinavyoharibika na jinsi zinavyotengenezwa. Zaidi ya hayo nitaeleza habari za waya mmoja ambao mashine huzunguka vizuri bila ya huo, na kwa sababu hiyo watu wengi huudharau. Mfano wangu nautoa Usangi, katika Upare wa Kaskazini, kwa kuwa ndiko nilikoyaona haya kwa macho yangu.

Asiyepata kufika Usangi na ajue ya kuwa ni nchi ya milimani katika wilaya ya Mwanga, nchi ya migomba na kahawa, yenye baridi na ukungu. Wazee wa Upare walikuwa hodari wa kuyatawala maji. Walichimba mifereji, tena walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kulimbikiza maji ya usiku ili yatumike mashambani mchana. Kwa hiyo maji si shida kubwa kwetu. Shida ni jua. Wakati wa masika shuka hukaa kambani siku mbili, tatu, bado mbichi. Ndiyo sababu watu wa milimani huipenda mashine yenye matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, kwa kuwa nguo ikitoka katika tangi la pili imekwisha kupungua maji mengi. Tena mashine ya namna hii haihitaji bomba. Maji hutiwa kwa ndoo.

Umeme wenyewe hautoki mbali. Chini ya milima yetu, upande wa machweo, liko bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo yake ya kilowati 8,000 ilianza kazi mwaka 1968. Hata hivyo nyumba nyingi za milimani ziliendelea kutumia kibatari kwa miaka mingi baadaye. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini, na nguzo zikazidi kupanda. Pamoja na umeme vikaja vyombo. Watoto walioko Dar es Salaam na Arusha wakawaletea mama zao mashine, nyingine mpya, nyingine zimekwisha kutumika ng'ambo.

Basi miaka michache iliyopita, mwezi wa Aprili, mama mmoja mjane wa Kighare alinituma niitwe. Nalimkuta uani, chini ya banda la bati, mashine yake inazunguka.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Sikukuita kwa ajili ya mashine, maana mashine ni nzima. Panya walikula nyaya zake, lakini fundi ameitengeneza juzi. Nimekuita umseme huyu mjukuu wangu. Amekuwa mvivu. Kila nimtumapo kutoa nguo mashineni, asema mashine inamuuma."

Mtoto alikuwa wa miaka 9 hivi, amesimama mbali, karibu na mgomba. Nikamtazama miguuni, nikaona hana viatu. Nikamtazama bibi yake, nikaona amevaa ndala nene za mpira. Na sakafu yote ya saruji ilikuwa imelowa maji ya sabuni. Nikatoa testa mfukoni, nikaigusisha bati la ubavu wa mashine. Taa yake ikawaka, hafifu, lakini ikawaka. Mara nikaenda ukutani nikazima, nikachomoa plagi.

Nikasema, "Mama, mtoto hasemi uongo."

Hakunijibu. Naona alikuwa akikumbuka maneno aliyomwambia juma zima, na labda si maneno tu.

Ngoja nieleze kwanza kilichokuwa kikitendeka hapo. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230. Huja kwa waya wa moto, hufanya kazi ndani ya mota, hurudi kwa waya wa pili ambao mafundi huuita nyutro. Ganda la waya wa moto likiharibika, na shaba yake ikagusa bati au ikagusa kitu kilicholowa kinachogusa bati, mashine nzima hupata umeme. Umeme huo hungoja njia ya kwenda ardhini. Mtu mwenye viatu vya mpira si njia nzuri, basi hasikii kitu. Mtu wa miguu mitupu juu ya saruji mbichi, na mikono yake imelowa, ni njia nzuri sana. Mwili uliolowa huweza kuwa na uzuio wa omu 1,000 hivi, na volti 230 zikipita hapo huleta kadiri ya ampea 0.23. Nanyi mjue ya kuwa hata ampea 0.03 zikipita kifuani na kudumu kidogo huweza kuzuia pumzi na kuhatarisha moyo. Mtoto huyu aliponea kwa kuwa utepe uliofungwa penye kidonda cha waya ulikuwa bado haujalowa sana, na umeme uliovuja ulikuwa mchache. Masika ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Tukakamua maji yote katika matangi, tukailaza mashine ubavuni juu ya gunia, nikafungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Hapo yataka subira. Ndani ya mashine hizi mna kapasita, kama kopo dogo au kisanduku cheusi, ambayo husaidia mota kuanza kuzunguka. Kapasita huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mimi hungoja dakika kadhaa, kisha hugusisha miguu yake miwili kwa ncha za nyaya za taa ya zamani ya wati 60, nikishika penye mpira tu, mpaka niwe na hakika ya kuwa imekwisha. Nimewaona mafundi wakiigusisha kwa bisibisi na kufurahia cheche. Huo ni mchezo mbaya.

Nilipotazama ndani nikaona kazi ya panya, na kazi ya fundi. Panya walikuwa wamekula nyaya karibu na mota, kiasi cha shibiri moja. Watu huuliza, panya hupata utamu gani katika mpira? Hawapati utamu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, naye hapana budi atafune kitu kigumu ili ayapunguze. Na katika nyumba zetu, mahindi hukaa darini au pembeni mwa jiko, na mashine huwekwa papo hapo, chini yake pana giza na joto la mota. Panya hangeweza kujengewa nyumba nzuri kuliko hiyo.

Lakini si panya tu. Mashine ya kukamulia hutetemeka, na waya ukilala juu ya ukingo wa bati, mtetemeko huo hulisugua ganda mpaka shaba ionekane. Waya wa nje huvunjika pale unapoingia katika mwili wa mashine, kwa kuvutwa na kupindwa kila siku. Kwa nje utauona mzima, na ndani shaba imekatika. Pengine mguu wa mashine hukanyaga waya. Haya yote tazameni kabla ya kuwalaumu panya.

Sasa kazi ya fundi. Alikuwa amekata sehemu iliyoliwa, akaunga kwa kusokota shaba kwa shaba, akafunga utepe. Kipande alichotia katika waya wa moto kilikuwa cha rangi ya kijani. Nikastaajabu, kisha nikatazama nyuma ya mashine, nikafahamu. Mashine nyingi za matangi mawili zitengenezwazo Asia huja na plagi ya meno mawili, na kando yake hutoka waya mmoja wa kijani, hauna plagi, una pete ndogo mwishoni. Ndio waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Mwenye nyumba huuona, hajui wa nini, huukunja na kuufunga kwa uzi. Na mama huyu ndivyo alivyofanya. Fundi alipokosa waya akaukata huo, akaona ametumia kisicho na kazi.

Hapo palikuwa na hatari mbili. Ya kwanza, mashine ilipoteza njia yake ya kupeleka umeme ardhini. Ya pili, waya wa kijani sasa ulichukua moto. Fundi mwingine ajapo kesho huiona rangi ya kijani, akaushika bila ya hofu. Rangi za nyaya ni maneno, na mtu akibadili maneno amewadanganya wote watakaosoma baada yake. Kwa vyombo vya siku hizi, rangi ya udongo ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni ardhi. Uingereza iliamrisha rangi hizo kwa nyaya laini za vyombo kwa sheria ya mwaka 1969. Zamani nyekundu ilikuwa moto, nyeusi nyutro, na kijani ardhi. Mnaona ya kuwa nyingine zilibadilika, lakini kijani kilibaki ardhi.

Tukaanza kazi. Kwanza nalichora katika karatasi kila waya, rangi yake, utokako na uendako, maana mtu asiyechora hujuta akisha kata. Kisha nikapima kila waya kwa mita, ncha hata ncha, nipate kujua upi umekatika ndani. Vipande vyote vilivyosokotwa nikavitupa.

Kuunga waya ndani ya mashine kuna adabu yake. Waya mpya uwe wa unene uleule, au uzidi, wala usipungue. Mashine hii ilitumia kadiri ya wati 400, yaani ampea 2 hazitimii. Lakini mashine inayopasha maji moto yenyewe huweza kutumia wati 2,000, karibu ampea 9, na waya mwembamba hapo hugeuka kuwa jiko. Menya ganda kiasi cha sentimeta moja bila ya kukata nyuzi za shaba. Kabla ya kuunga, vika waya kijimrija cha mpira kinachojibana kwa joto. Nasema kabla, kwa kuwa kila fundi, na mimi nimo, amewahi kumaliza kuunga vizuri kisha akakiona kijimrija kiko mezani. Halafu tia ncha mbili katika kifungo cha shaba, ubane kwa koleo lake. Wengine hupenda kulehemu kwa risasi. Katika redio ni vizuri, lakini katika mashine itetemekayo waya uliolehemiwa huwa mgumu, na huvunjika pale ugumu unapokoma. Mwisho funga waya kwa kamba ya plastiki mbali na ukingo wa bati na mbali na mkanda wa mota, juu, maji yasipofika. Na penye kuingia kifunguoni acha waya uning'inie kidogo chini kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Waya wa nje sikuuunga. Waya wa nje wa chombo cha maji hauungwi, hubadilishwa wote. Nalitia mpya wenye nyaya tatu ndani, na plagi ya meno matatu yenye fyuzi ya ampea 5. Wa kijani na manjano nikaufunga kwa skrubu katika bati la mwili, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, maana rangi huzuia umeme. Ndani ya plagi nikauacha mrefu kuliko wenzake, ili mtu akiuvuta waya kwa nguvu, wa ardhi uwe wa mwisho kukatika.

Hapa niseme habari ya kijiti. Soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko ndani. Jino refu la ardhi likiingia juu ndipo matundu mawili ya chini yanapofunguka. Plagi ya meno mawili haifungui, basi watu huchokoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu, wakaisukuma plagi. Nyumba ya mama huyu ilikuwa na kijiti chake maalum, kimechongwa vizuri, kimetundikwa msumarini! Kijiti kile kilikuwa kikifanya kazi ya jino la ardhi, illa hakikwenda ardhini. Tena plagi ya namna hiyo ikiingizwa kinyume, swichi ya mashine huweza kukata nyutro na kuacha moto ndani. Ndiyo sababu nawaambia msiamini swichi ya mashine. Chomoeni plagi, nanyi muione kwa macho iko mkononi.

Je, kazi ilikuwa imekwisha? Bado. Waya wa ardhi wa mashine hufika kwenye soketi, toka soketi hufuata ukuta, na mwishoni hufika kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Tukaenda kuitazama. Tuliikuta chini ya magugu, na kifungo chake kimelegea na kuota kutu ya kijani. Tukakisafisha na kukikaza. Lakini ardhi yetu ni ya mawe, na wakati wa kiangazi hukauka sana. Tuseme fimbo ina uzuio wa omu 50. Volti 230 zikipita hapo zitaleta ampea 4.6, na swichi kuu ya ampea 20 haitashtuka. Itaona kama mtu amewasha pasi ndogo. Mashine itakaa na umeme katika mwili wake, na waya wa ardhi upo.

Kwa ajili ya hayo iko swichi ya kinga ya namna nyingine. Hiyo haipimi wingi wa umeme, bali hulinganisha uendao na urudio. Ikiwa umeme unaorudi umepungua kwa ampea 0.03, swichi hujua ya kuwa kiasi hicho kimepita njia nyingine, labda katika mwili wa mtu, nayo hukata mara moja, kabla ya mtu kumaliza kupiga kelele. Nalimwandikia mwanawe Dar es Salaam, akaleta fedha, na fundi mwenye leseni akaifunga. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya mashine. Kama ningelazimika kuchagua katika nyumba yenye watoto, ningeacha mashine nikanunua swichi.

Mtu akishikwa na umeme, msimshike. Kimbilieni swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simameni juu ya kitu kikavu, msukumeni kwa mti mkavu. Asipopumua, anzeni kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta gari.

Yule kijana fundi nalimwita aje. Alikuja kwa hofu, akaniamkia vizuri. Nikamwonyesha kipande cha kijani. Akasema, "Mwalimu, sikuwa na waya mwingine. Duka liko chini Mwanga, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi fedha niliyolipwa." Nalimwamini. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunza kwa kutazama, na aliyemtazama naye alijifunza vivyo hivyo. Tukafanya shauri ya kuwa ataweka nyumbani mita chache za waya wa kila rangi, na mwenye kazi ataambiwa bei ya waya mbali na bei ya mkono. Nalimwonyesha pia jinsi ya kupima kabla ya kurudisha mashine: mita ionyeshe njia safi, chini ya omu 1, toka jino la ardhi mpaka bati; na toka meno mengine mawili mpaka bati isionyeshe njia kabisa. Kipimo hiki cha mita ndogo hakitoshi kugundua kila uvujaji, lakini kingaliigundua kasoro ya mashine ile kabla haijarudi uani.

Mahindi yakahamishwa, na mashine ikawekwa juu ya matofali manne, ili paka apite chini yake.

Tulipoiwasha, mtoto hakutaka kukaribia. Bibi yake akamwita mara mbili, hakuja. Ndipo yule mama akavua ndala zake, akasimama kwa miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa, akaweka kiganja chake juu ya bati. Mimi sikupenda, maana kipimo ni mita wala si mwili wa mtu, ingawa nalikuwa nimekwisha kupima mara tatu. Lakini hakuniuliza. Akakaa hivyo, mkono juu ya mashine, mpaka shuka zilipokwisha kufuliwa. Kisha mtoto akatoka penye mgomba, akaja polepole, akaligusa bati kwa ncha ya kidole.